Mahakama Isiyo na Kizimba

Nianze kwa kukiri, ndugu wasomaji. Mimi si msanifu majengo. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na hesabu ndiyo iliyonishusha kwenye basi. Ninachokijua kuhusu nyumba ni kupanga chumba na kukwepana na mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Lakini ninaandika riwaya, huu mwaka wa tatu, na katika sura ya tisa mhusika wangu Sefu anapelekwa mahakamani. Sura hiyo niliwatumia wenzangu wa kijiweni Magomeni, wale tunaosomeana miswada. Wakanirudishia na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: "Mahakama yako haina kuta. Hakimu anafoka, Sefu analia, lakini wako wapi hawa watu? Wanaelea?" Na chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Halafu nyundo ya hakimu umeitoa wapi, mzee?"

Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikaona wana haki. Nyundo niliitoa kwenye video za Marekani. Mahakama pekee niliyowahi kukaa ndani yake utotoni haikuwa na nyundo, ilikuwa na karani mwenye kikohozi.

Ndipo nikaanza kuangalia majengo. Mimi nipo Johannesburg, mtaa wa Hillbrow, nanyoa nywele. Habari za vijana waliokuja Sauzi kutafuta maisha mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Umbali mfupi tu kwa miguu kutoka kwenye kiti changu cha kunyolea, katikati ya Hillbrow na Braamfontein, kuna kilima kinachoitwa Constitution Hill, na juu yake ndipo ilipo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Nilipita kando yake mwaka mzima bila kuingia. Sababu nitaisema mbele. Kwanza jengo lenyewe, maana limesifiwa mno, na wanaolisifu karibu wote huanza na mti. Mimi naanza na matofali.

Kilima kile kilikuwa jela. Jela ya kwanza ilijengwa mwaka 1893, enzi za jamhuri ya Makaburu, na kati ya 1896 na 1899 serikali ya Paul Kruger ikaizungushia ngome ya udongo na mawe ili mizinga iutazame mji wa wachimba dhahabu. Baadaye Waingereza wakaongeza jela ya Waafrika, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Number Four, kisha jela ya wanawake, na mwaka 1928 likaongezwa jengo la mahabusu wanaosubiri kesi. Gandhi alifungwa pale. Mandela alifungwa pale. Robert Sobukwe, Albertina Sisulu, Winnie Madikizela-Mandela, wote walipitia kilimani hapo. Mwezi Desemba 1956, washitakiwa 156 wa kesi ya uhaini waliwekwa humo. Lakini majina makubwa yasitudanganye. Wengi waliojaza vile vyumba walikuwa watu wa kawaida tu: mtu aliyekutwa barabarani bila pasi, mama aliyepika pombe ya kienyeji, kijana aliyekuwa mtaa usiokuwa wake usiku. Jela ikafungwa mwaka 1983, ikabaki magofu na majani.

Mahakama ya Katiba ilianzishwa mwaka 1994 ikiwa na majaji 11, na ilianza kazi katika ofisi za kupanga pale Braamfontein. Ilikuwa humo humo kwenye ofisi za kupanga ilipoifuta adhabu ya kifo, Juni 1995. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha mtu anayesema haki inahitaji jumba. Hata hivyo jumba lilihitajika, na majaji wakachagua kiwanja ambacho mimi ningekikimbia: jela. Mashindano ya michoro yakatangazwa mwaka 1997. Walioshinda walikuwa wasanifu vijana wa OMM Design Workshop ya Durban na Urban Solutions ya Johannesburg. Jengo likafunguliwa na Rais Thabo Mbeki tarehe 21 Machi 2004, siku ya kuwakumbuka watu 69 waliouawa Sharpeville mwaka 1960.

Sasa sikilizeni walichokifanya. Jengo la mahabusu lilikuwa limekaa palepale mahakama ilipotakiwa kukaa, wakalibomoa. Matofali hawakuyatupa. Waliyachukua, wakayajengea kuta za ukumbi ule ule wa kusikilizia kesi, na mengine wakayatumia kwenye ngazi ndefu za nje zinazoteremka kati ya mahakama na Number Four, wanaziita Ngazi Kuu za Afrika. Minara minne ya ngazi za jengo lile la mahabusu hawakuibomoa, imebaki imesimama kama meno manne katika kinywa cha kizee. Ukiwa kwenye uwanja wa mahakama unaiona: ngazi za kupandia kwenda kwenye vyumba ambavyo havipo tena.

Na matofali yale hayakupigwa plasta! Hapo ndipo nilipokaa nikawaza. Fundi wa kawaida angeyapiga plasta, angepaka rangi ya maziwa, angeweka picha ya rais, basi, ofisi safi. Hawa wameyaacha mekundu, yenye mikwaruzo, mengine yamemeguka kona. Jaji anapoinua macho kutoka kwenye makaratasi yake anatazamana na ukuta uliowahi kumfungia mtu ambaye hatia yake ilikuwa bado haijathibitishwa. Hakuna kibao kinachomwambia, "Mheshimiwa, kumbuka." Ukuta upo tu. Waandishi wenzangu, ni mara ngapi tumempa mhusika hotuba ya kurasa tatu kuhusu dhuluma, wakati tofali moja lililomeguka lingetosha? Tunapiga plasta mno sisi. Sura yangu ya tisa ilikuwa plasta tupu.

Haya, tuje kwenye huo mti.

Nembo ya mahakama ni watu waliokusanyika chini ya mti mkubwa. Wazo ni kwamba Waafrika tangu zamani walikuwa wanaamua mashauri chini ya mti, hadharani, kila mtu anasikia. Wasanifu wakaufuata mfano huo mpaka kwenye ukumbi wa kuingilia: nguzo zimeinama huku na huku kama vigogo, zimepambwa kwa vigae vidogo vya rangi, jua linapenya kwenye matundu ya paa na kumwagika sakafuni vipande vipande kama linavyomwagika chini ya mwembe, na taa zinazoning'inia zimesukwa kwa waya mfano wa majani. Ni pazuri, sibishi. Ukiingia kutoka kwenye makelele ya Hillbrow unajikuta unashusha sauti, na si kwa woga.

Lakini mimi nimekaa chini ya huo mti, jamani. Kijijini kwetu baraza la wazee lilikaa chini ya mwembe, na nilikuwa na miaka tisa bibi yangu mzaa mama alipopeleka shauri lake la shamba la michungwa, ambalo shemeji yake alikuwa amelichukua baada ya babu kufa. Wazee walikuwa na viti. Wanaume wengine walikuwa na magogo ya kukalia. Kivuli cha saa tano hakikuwa kikubwa, na kilitosha wazee na magogo. Bibi alisimama juani. Nakumbuka alikuwa anazungumza huku mkono mmoja ameuweka juu ya macho ili awaone wanaomhukumu. Walimsikiliza vizuri, kwa adabu zote, kisha wakampa shamba shemeji.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mti ni haki, namuuliza: kivuli kilikuwa cha nani? Hili ndilo ninaloliona dogo katika sifa za jengo lile. Wasifiaji wanauchukua mti kama picha ya kadi, kila mtu anatabasamu chini yake. Hawasemi kwamba mti nao una mahali pa mkubwa na mahali pa mdogo. Nadhani wasanifu wenyewe walikuwa na akili kuliko wasifiaji wao, maana baada ya kuutengeneza mti wa nguzo kule mbele, hawakuupeleka ndani kwenye chumba cha kesi. Ndani waliweka matofali ya jela. Mti ni wa kukaribisha. Kazi yenyewe inafanyika mbele ya matofali.

Chumba hicho nacho kina mambo yake. Majaji hawakukwezwa juu kama mimbari. Viti vya wasikilizaji vimepanda ngazi kwa ngazi kama uwanja wa mpira, kwa hiyo mtu wa safu za nyuma haangalii juu kumtafuta jaji. Meza ndefu ya majaji imevishwa ngozi za ng'ombe wa Kinguni, kila jaji na ngozi yake, na kwa kuwa hakuna ng'ombe wawili wenye madoa yaliyofanana, kila jaji ana madoa yake. Hapo nilicheka kidogo. Sijui kama wasanifu walikusudia, lakini kumwambia jaji kwamba na yeye ana madoa ni mzaha ambao angeupenda mzee yeyote wa kijijini kwetu.

Na kuna kile kioo. Kuta za matofali zimekatwa na dirisha refu jembamba, mkanda wa kioo unaolala. Kwa kuwa chumba kimezama chini kidogo ya usawa wa nje, aliye ndani akiangalia kwenye kioo haoni nyuso za wapita njia. Anaona miguu. Viatu vya ofisini, raba, ndala, visigino, magurudumu ya mkokoteni wa mtoto. Aliye nje akiinama anaona majaji. Nimesoma riwaya nyingi na sikumbuki picha iliyonikamata hivyo: watu 11 wenye mamlaka ya kufuta sheria ya bunge, na juu ya vichwa vyao inapita miguu ya watu wasiojua kwamba wanajadiliwa. Hakuna hotuba ya usawa inayoweza kushindana na hilo. Nilikaa nikahesabu ndala hadi mlinzi akaanza kuniangalia.

Lakini kuna kitu nilikuwa nakitafuta na sikukiona. Nilizungusha macho mara mbili. Kizimba. Mahakama ile haina kizimba.

Ukifikiri, utaona ni kwa sababu ya kazi yake. Pale hawasikilizi mashahidi wala hawamuulizi mtu, "Uliiba au hukuiba?" Wanasikiliza mawakili wakibishana kuhusu katiba, mara nyingi juu ya kesi iliyokwishapita mahakama nyingine. Hakuna anayeletwa kwa pingu. Hakuna mlango wa pembeni wa mahabusu, hakuna mama anayelia kwenye benchi kwa sababu mwanawe amenyimwa dhamana. Na hapa nasema jambo ambalo wapenzi wa jengo hili hawatalipenda: ni rahisi kujenga mahakama ya upole mahali ambapo mwenye pingu haingii. Jengo linawakumbuka wafungwa waliokufa na waliotoka. Mfungwa aliye hai leo hana njia ya kupita humo kwa miguu yake mwenyewe.

Linganisha na Jumba la Haki la Pretoria, palipoamuliwa kesi ya Rivonia mwaka 1963 na 1964. Lile ni jumba hasa, la enzi za Kruger, mawe na nguzo za mtindo wa Kitaliano, mbele limejaa madoido. Wenye suti waliingia kwa mlango mkubwa wa mbele. Mandela na wenzake walitokea chini, kwenye vyumba vya mahabusu vilivyo chini ya sakafu, wakapanda ngazi hadi kizimbani. Jengo moja, njia mbili, na njia yako ilishasema wewe ni nani kabla jaji hajafungua kinywa. Ni jengo la kikatili, lakini halidanganyi: linakuonyesha mshitakiwa anatoka wapi. Kama ningekuwa na uwezo, ningewapa wasanifu wale vijana kazi ya pili, ngumu zaidi: nijengeeni mahakama ya chini, ile ya wizi wa simu na talaka na kodi ya nyumba, yenye kizimba, yenye mahabusu 40 asubuhi ya Jumatatu, na humo ndani mnionyeshe mti wenu.

Nilisema nitaeleza kwa nini nilipita mwaka mzima bila kuingia. Ni woga tu. Usiku mmoja wa Ijumaa wenye sare walifunga mtaa wetu wakaanza kukagua karatasi. Zangu zilikuwa halali, ila zilikuwa chumbani na mimi nilikuwa barabarani. Nililala ndani, chumba cha watu wengi, ndoo moja, hadi Jumamosi jioni mshikaji wangu alipoleta pasipoti. Hakuna aliyenipiga, nisije nikaongeza chumvi. Lakini baada ya hapo, jengo lolote lenye bendera ya serikali mlangoni nililipita kwa upande wa pili wa barabara. Mtu aliyekutwa mtaani bila pasi: sikujua wakati ule kwamba hiyo ilikuwa ndiyo hadithi ya kilima chenyewe.

Aliyenivusha barabara ni yule wa kalamu nyekundu. Nikamwambia mwenyewe kwa ujumbe: "Nitakwenda kuangalia kuta, mridhike." Nikaenda siku ya mapumziko, nimevaa shati la kola, pasipoti kwenye mfuko wa shati karibu na moyo kama picha ya mchumba. Mlango ni mkubwa ajabu, wa mbao, umechongwa haki 27 zilizomo kwenye sura ya haki ya katiba yao. Mlinzi akasema niweke begi kwenye mashine. Nikasubiri swali la pili. Halikuja. Mkono wangu ulikuwa umeshatoa pasipoti nusu, akaiangalia, akanionyesha ndani kwa kidevu. Ndiyo hivyo tu. Ninaiandika kwa sababu msanifu anaweza kuchora mlango mzuri kiasi gani, lakini mlango unakamilishwa na mtu anayeusimamia, na siku ile msanifu alikuwa na bahati.

Nilipotoka niliuliza na kusoma, na nikajua mambo mawili. Tarehe 4 Machi 2004, wiki mbili tu kabla jengo halijafunguliwa, mahakama hii iliamua kwamba wahamiaji wenye ukaazi wa kudumu, watu waliotoka Msumbiji, wasinyimwe misaada ya serikali ya wazee na watoto kwa sababu si raia. Katiba ilikuwa imesema "kila mtu", na majaji wakaichukua kama ilivyoandikwa. Kisha Juni 2017 ikaamua kwamba anayezuiliwa kwa mambo ya uhamiaji lazima afikishwe mahakamani mwenyewe, kwa mwili wake, ndani ya saa 48. Nililisoma hilo mara tatu. Mahakama isiyo na kizimba, ambayo mwenye pingu haingii, ndiyo iliyoamuru mwenye pingu apelekwe mbele ya hakimu aonekane. Basi nikalegeza kidogo yale niliyoyasema hapo juu. Kidogo, si yote.

Kwa sababu kuna suala la lugha, na sisi waandishi hatuwezi kulipita. Mbele ya jengo jina la mahakama limeandikwa kwa lugha 11, lugha zote zilizokuwa rasmi wakati linajengwa. Lugha ya ishara ikawa ya 12 mwaka 2023. Herufi zenyewe zina kisa: mbunifu Garth Walker alizitengeneza kutokana na maandishi aliyoyakuta kwenye jela ile, vibao na mikwaruzo ya wafungwa ukutani. Yaani mkono wa mtu aliyekuwa anakwaruza jina lake kwa msumari ndio umekuwa mwandiko wa mahakama kuu ya nchi. Kama kuna fundi wa maneno asiyeona wivu hapo, aache kuandika auze vitunguu.

Lakini ingia ndani siku ya kesi. Ukuta unasema lugha 11, kinywa kinasema moja, Kiingereza. Siku niliyokaa, mama mmoja wa makamo safu ya mbele yangu alikuwa anamwuliza binti yake kila baada ya dakika chache, kwa Kizulu, na binti anamnong'oneza kwa ufupi, maneno matano kwa hotuba ya robo saa. Kioo unaona kote, matofali yanasema yote, ngozi ya ng'ombe ipo, halafu mama haelewi. Usanifu hauwezi kutibu hilo. Ila usanifu unaweza kulificha, na ukuta wenye lugha 11 unalificha vizuri sana. Nilimfikiria bibi. Baada ya mwembe kumshinda alikwenda mahakama ya mwanzo, mimi nikimbebea mkoba. Tulikaa kwenye benchi la nje. Mvua ikashuka juu ya bati, karani mwenye kikohozi akaita majina kutoka ndani, na bibi hakusikia la kwake. Aliitwa mara tatu, ikaandikwa kwamba hakufika. Alikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Shamba lile hadi leo linavunwa na wengine.

Kwa hiyo mimi jengo la mahakama nalipima kwa swali moja la kishamba: benchi la kusubiri liko wapi, na aliyekaa hapo anasikia nini? Pale Johannesburg benchi lipo ndani, chini ya nguzo zilizoinama, na kimya ni cha kutosha kusikia jina lako. Bibi angesikia. Asingeelewa yanayofuata, lakini angesikia jina lake.

Kuna kitu kimoja cha mwisho cha ndani ambacho lazima nikitaje. Mahakama ile ina mkusanyiko wa sanaa ambao Jaji Albie Sachs na Jaji Yvonne Mokgoro waliuanza kwa randi 10,000 za kununulia mapambo. Sachs ndiye yule wakili aliyepoteza mkono wa kulia na jicho moja kwa bomu la makaburu jijini Maputo mwaka 1988. Mojawapo ya kazi hizo ni gauni la bluu, limeshonwa na Judith Mason kwa mifuko ya plastiki. Linamhusu Phila Ndwandwe, mpiganaji aliyeuawa mwaka huo huo wa 1988. Walimweka uchi, akajisitiri kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na maiti ilipofukuliwa mwaka 1997 plastiki ilikuwa bado ipo kiunoni. Mfuko kama ule wa kubebea nyanya. Katika jengo lenye nguzo za vigae na milango ya kuchonga, gauni la plastiki ndilo lililonifanya nitoke nje kupunga hewa.

Na ile nyundo? Nyundo pekee ninayoijua katika habari za mahakama hii ni ya Januari 2022, siku chache baada ya bunge la Cape Town kuungua, mtu mmoja alipokuja akavunja vioo vya mbele kwa nyundo. Niliposimuliwa nilitegemea kukuta kuta za chuma na seng'enge, maana ndivyo wakubwa wanavyofanya wakitishwa. Nilikuta kioo. Walirudisha kioo.

Sura ya tisa naiandika upya. Washikaji wa Magomeni watanisamehe, maana Sefu bado hajafika kizimbani, na huu ni ukurasa wa kumi na moja. Yupo kwenye benchi la nje. Ameangalia ukuta mpaka amejua tofali lipi limemeguka. Mvua inapiga bati, na ndani mtu anakohoa, anaita jina ambalo huenda ni lake.